Dakika za Mwanzo za Filamu za Sayansi ya Kubuni: Maswali Tunayoulizwa Sana Malindi

Ukurasa huu ni wa wale wanaokuja kutazama filamu nasi hapa Malindi jioni za wikendi, na wa wale wa Lamu, Mambrui na Watamu wanaotuandikia kwa sababu wameanza kupiga filamu zao wenyewe kwa simu. Maswali mengi yanazunguka jambo moja: kwa nini filamu hii ilinishika tangu mwanzo, na ile nikalala? Nimejibu ninavyoamini. Tahadhari moja: majibu kadhaa yanafichua siri za filamu, hasa jibu kuhusu Arrival. Kama hujaitazama, liruke jibu hilo mpaka uitazame.

Kwa nini mnasisitiza mno dakika za mwanzo? Filamu si ni kitu kizima?

Ni kizima, ila filamu ya sayansi ya kubuni ina mzigo ambao nyingine hazina. Ukitazama filamu ya mapenzi iliyopigwa Mombasa, hakuna anayehitaji kukueleza matatu ni nini, mahari ni nini, wala kwa nini mama wa bibi harusi amenuna. Unayajua hayo kabla hujaketi. Katika sayansi ya kubuni mtazamaji anaingia mikono mitupu. Hajui ni mwaka gani, hajui kama hewa ya pale inavutika, hajui kama anayekufa amekufa kweli au atarudi.

Mwelekezi basi ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kumfundisha mgeni huyu kanuni za mahali, na kumtia hamu ya kuendelea. Na kazi hizi mbili zinagombana. Ukimweleza kila kitu, hamu inakufa. Usipomweleza chochote, anachoka na kutoa simu mfukoni. Ugomvi huo huamuliwa mapema sana, mara nyingi kabla ya mhusika mkuu hata kutajwa jina.

Fumbo ni nini hasa? Si kuficha mambo mpaka mwisho?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tunaletewa filamu fupi nyingi zinazoanza na skrini nyeusi, mtu anahema, tochi inawaka na kuzimika, ukelele, kisha jina la filamu. Aliyeitengeneza anaamini ametega fumbo. Mtazamaji hana anachokijua, na asiyejua kitu hana cha kuuliza.

Kumbuka kitendawili cha yai: nyumba yangu haina mlango. Kila neno ni la kweli. Nyumba ipo, mlango haupo, na aliyetega hajakunyima kitu ila jina. Ndiyo maana unakaza akili badala ya kutoa mji papo hapo. Mwanzo mzuri wa filamu umejengwa vivyo hivyo: unaonyeshwa kitu kimoja waziwazi, kwa usahihi, na kinachokosekana ni sababu yake tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Close Encounters of the Third Kind ya Steven Spielberg, ya mwaka 1977. Majina yanapita juu ya weusi, kimya. Muziki unapanda polepole, kisha orkestra nzima inapiga pigo moja na skrini inajaa mwanga: tufani ya mchanga katika jangwa la Sonora, Mexico. Watu wanafika kwa magari, wanapiga kelele kuushinda upepo, huyu kwa Kihispania, yule kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiingereza. Jangwani wanakuta ndege za kivita za zamani, nzima kabisa. Wanasoma namba za injini. Ni ndege za Flight 19, kikosi cha ndege tano kilichopotea kweli tarehe 5 Desemba 1945 baada ya kuruka kutoka Fort Lauderdale, Florida. Wanajaribu kuziwasha, zinawaka. Marubani hawapo. Mzee mmoja ambaye uso wake umeungua upande mmoja anasema kuwa usiku jua lilitoka na kumwimbia.

Tazama kilichofichwa hapo. Ndege tumeziona, namba zimesomwa kwa sauti, mwaka tumeambiwa, injini tumezisikia zikinguruma. Tuna habari nyingi kuliko tunavyohitaji. Kinachotutesa ni kwamba habari hizo haziwezi kukaa pamoja katika dunia tunayoijua. Ndege ya mwaka 1945 haiwezi kuwa na betri nzima zaidi ya miaka thelathini baadaye, tena mahali ambapo haikuwepo jana. Usahihi ndio unaotega.

Nitajuaje kama mwanzo wangu una fumbo au ni giza tu?

Kuna jaribio rahisi. Onyesha dakika zako tano za kwanza kwa mtu asiyejua hadithi, simamisha, kisha muulize: "Unataka kujua nini?" Akijibu kwa sentensi moja iliyonyooka, kama "Ndege zimefikaje huko?" au "Mbona wanamuua mbwa?", umefaulu. Akijibu "Sijaelewa", hujatega kitu. Akijibu "Nataka kujua itakuwaje", huyo amekuheshimu tu. Rudi ukaandike upya.

Usimuulize mama yako wala rafiki aliyebeba taa siku ya kupiga picha. Muulize mtu wa barazani asiye na haja ya kukufurahisha.

Filamu gani nianze nayo kujifunza?

Alien ya Ridley Scott, 1979. Itazame mara ya kwanza ukiwa na sauti, mara ya pili bila sauti.

Kwanza ni jina. Kamera inapita polepole juu ya sayari yenye giza, na kule juu vistari vyeupe vinajitokeza kimoja kimoja, mbali mbali, bila maana. Huwezi kuvisoma. Muda unapita kabla hujatambua kwamba vistari hivyo ni herufi na kwamba herufi hizo ni jina la filamu. Kabla ya mtu yeyote kuonekana, umeshafundishwa namna ya kuitazama filamu hii: tulia, unganisha vipande, kitu kinaumbika mbele yako na utakitambua kikiwa tayari kimekamilika. Baadaye kiumbe chenyewe kitakufanyia vivyo hivyo.

Kisha yanakuja maandishi mafupi, makavu, kama karatasi ya bandarini: meli ya kuvuta mizigo Nostromo, wafanyakazi saba, shehena ya tani milioni 20 za madini, safari ya kurudi duniani. Ningekuwa mwalimu wa shule ningewakaririsha wanafunzi maandishi hayo. Hakuna neno la kutisha ndani yake, na hata hivyo umeshapewa hesabu ya watu, na kuanzia hapo utakuwa unaihesabu kila mara.

Halafu kamera inatembea ndani ya meli tupu. Korido. Meza. Vidude vya kuchezea vyenye umbo la ndege vinavyoinama na kuinuka peke yao. Hakuna mtu. Ghafla kompyuta inaamka, maandishi yanakimbia kwenye kioo chake na kuakisiwa juu ya helmeti iliyo wazi mbele ya kiti kitupu. Kwa kitambo unaona kana kwamba mashine inazungumza na fuvu. Ndipo taa zinawaka na watu wanaamka kutoka usingizi mrefu, wamevaa nguo za ndani, wanapiga miayo.

Na wanapoketi kula, wanabishana kuhusu malipo. Wawili kati yao wanalalamika kuwa mgao wao ni mdogo kuliko wa wengine. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi ulipo. Baada ya ugeni wote ule, mwelekezi anakupa kitu ambacho kila kibarua wa bandari ya Lamu anakijua. Sasa unawaamini watu hawa. Na punde wanagundua kwamba hawako karibu na nyumbani. Wameamshwa katikati ya safari. Swali liko tayari mdomoni mwa mtazamaji, na wahusika wanaliuliza pamoja naye: mbona tumeamshwa?

Vijana wangu wanasema filamu isiyo na mlipuko katika dakika ya kwanza wanaitoa. Ni lazima pawe na kishindo?

Hapana, lakini nawaelewa. Mwaka 1977 Star Wars ya George Lucas ilianza na chombo kidogo kinachokimbia, kisha chombo kingine kikaingia kutoka juu ya skrini na kuendelea kuingia, kikaendelea kuingia, hadi watazamaji wakadhani hakina mwisho. Ukubwa wa adui umeelezwa bila neno. Hicho ni kishindo chenye kazi. Tangu wakati huo wengi wameiga sauti na moto na kuacha ile kazi.

Upande wa pili kuna 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, 1968. Neno la kwanza linasemwa baada ya dakika 25 hivi. Kabla ya hapo ni nyani-watu kwenye nyika kavu, njaa, chui, ugomvi wa dimbwi la maji, na asubuhi moja jiwe jeusi lililonyooka kingo limesimama mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Hakuna jiwe la asili lenye kingo kama zile, na hilo mtoto wa miaka sita analiona. Baadaye mmoja wao anatambua kwamba mfupa ni silaha, anaurusha juu, na picha inakatika kutoka mfupa unaoanguka hadi chombo kinachoelea angani. Mamilioni ya miaka yamerukwa kwa mkato mmoja.

Nimeona vijana wa hapa, wale wale wa milipuko, wakikaa kimya mbele ya mwanzo huo. Wengine waliondoka, sitasema uongo. Lakini waliobaki walibishana kuhusu lile jiwe hadi usiku.

Kwa nini filamu ile ile niliyoitazama kwenye kibanda cha video ikiwa imetafsiriwa haikunishtua, na kwenu ilinishtua?

Kwa sababu ya kimya. Madijei wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili wana kipaji kikubwa na wamewaletea watu wetu hadithi ambazo wasingezipata. Filamu ya mapigano wanaipa uhai. Ila kazi ya dijei ni kuongea, na mwanzo wa filamu nyingi za aina hii umejengwa juu ya kutoongea. Kamera ikipita kwenye korido tupu, dijei anajaza pengo: "Hapa wako kwenye meli ya angani, ndani kuna zimwi, subiri uone." Amekupa jibu kabla hujapata swali.

Ushauri wangu kwa madijei, kwa heshima zote: acheni dakika tano za kwanza zipite zenyewe, kisha ingieni. Na kwa mtazamaji: kama unaweza kuvaa vipokea sauti vya masikioni, vivae. Nusu ya fumbo iko kwenye sauti ndogo ndogo ambazo spika ya televisheni haizitoi.

Maandishi ya kueleza mwanzoni ni uvivu?

Inategemea yanaeleza nini. Maandishi yanayotoa sababu huua hamu. Maandishi yanayotoa hali huiwasha.

Blade Runner, 1982, inatangulia na maandishi kuhusu viumbe waliotengenezwa na binadamu, waliopigwa marufuku duniani, na askari wenye amri ya kuwaua. Maandishi yanasema kuwa jambo hilo halikuitwa kuua, liliitwa kustaafisha. Baada ya kusoma hilo tu, umeshaanza kuwashuku wenye sheria. Kisha Los Angeles, Novemba 2019 kama walivyoiwaza wakati ule, minara ikitema moto usiku, na jicho kubwa linaloakisi moto huo. Kisha chumba, meza, mashine ya kupima jicho, na mtu anaulizwa swali la ajabu kuhusu kobe aliyepinduliwa jangwani. Huelewi kwa nini kobe. Lakini unaona jasho la anayeulizwa.

Ukitaka kuandika maandishi ya mwanzo, jizuie kwenye mistari mitatu, na usitaje jina la sayari tatu kwa mpigo.

Kuna filamu iliyotoa siri yake yote mwanzoni na watu wasijue?

Ipo. The Thing ya John Carpenter, 1982. Helikopta inamfukuza mbwa juu ya theluji ya Antaktika. Mtu aliye ndani anafyatua risasi, anakosa, anafyatua tena. Mbwa anakimbilia kituo cha Wamarekani na kuwalamba mikono. Mnorwe anashuka, anapiga kelele kwa lugha yake, anaendelea kufyatua, na Wamarekani wanampiga risasi anakufa.

Maneno yake hayakutafsiriwa kwenye skrini. Ajuaye Kinorwe, hata hivyo, amesikia kila kitu: ondokeni, huyo si mbwa, ni kitu kinachojigeuza mbwa. Siri imetangazwa kwa sauti kubwa mbele ya kila mtu, na mtangazaji ameuawa kwa sababu hakueleweka.

Sisi wa pwani tuna utajiri hapo ambao hatujautumia. Fikiria filamu ya Kiswahili inayoanza na bibi anayeonya kwa Kibajuni au kwa Kipokomo, na hakuna tafsiri chini. Ukumbini patakuwa na watu wachache walioelewa, na hao watakaa filamu nzima wakiwa wameshika siri ambayo jirani yao hana. Kwa mwandishi wa filamu hiyo ni zawadi.

Fumbo na taharuki ni kitu kimoja?

Hapana. Fumbo: mtazamaji anajua kidogo kuliko anavyotaka. Taharuki: anajua hatari na anaisubiri. Mwanzo bora huhama kutoka la kwanza kwenda la pili.

A Quiet Place ya John Krasinski, 2018, inafanya hivyo vizuri mno. Siku ya 89. Mji mtupu, familia inatembea dukani miguu mitupu, wanaongea kwa ishara za mikono. Kwa nini? Hilo ni fumbo. Mtoto mdogo anachukua chombo cha angani cha kuchezea. Baba anakitoa betri kwa uangalifu kana kwamba anategua bomu. Sasa umejua: sauti inaua. Mtoto anakirudia, na betri anazo. Kuanzia hapo ni taharuki tupu, na hakuna aliyesimama kukufundisha kanuni ya dunia ile.

Mwanzo unaruhusiwa kumdanganya mtazamaji?

Unaruhusiwa kumwacha ajidanganye. Tofauti ni kubwa.

Arrival ya Denis Villeneuve, 2016, inaanza na mama na binti: kuzaliwa, michezo, ugonjwa, kifo. Kisha mama huyo, mwalimu wa chuo, anatembea peke yake siku ambayo vyombo kutoka angani vinatua. Tunadhani tumeona yaliyopita na kwamba tunamtazama mwanamke mwenye msiba. Mwishoni tunagundua kuwa yote yale hayajatokea bado. Filamu haikusema popote kuwa ni kumbukumbu. Sisi ndio tuliopanga wakati kwa mazoea yetu, na hadithi nzima inahusu lugha inayovunja mazoea hayo. Ukiirudia mara ya pili, hakuna picha hata moja ya uongo.

Filamu inayomwonyesha mtu akifa halafu ikasema "ilikuwa ndoto" imedanganya, na mtazamaji hatakuamini tena. Epukeni ndoto mwanzoni, ndugu zangu. Karibu kila filamu fupi tunayoletewa ina mtu anayeshtuka kitandani.

Sayansi yenyewe lazima iwe sahihi?

Iwe sahihi kadiri unavyoweza, na unapoipinda ujue kwa nini. Contact ya Robert Zemeckis, 1997, inaanzia juu ya dunia, makelele ya redio na televisheni yamejaa masikioni. Kamera inarudi nyuma, inapita Mwezi, sayari moja baada ya nyingine, na kadiri inavyokwenda mbali ndivyo matangazo yanavyozidi kuwa ya zamani, hadi yanakwisha na kubaki kimya, nyota kwa nyota, galaksi kwa galaksi. Kisha yote yanaingia ndani ya jicho la msichana aliyeketi na redio yake.

Wazo ni la kweli: mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo aliye mbali husikia matangazo ya kale. Umbali ndio uliobanwa. Mawimbi hufika Zohali kwa saa moja na dakika 20 hivi, kwa hiyo mtu aliye kule angesikia taarifa ya habari ya leo, wala si ya miaka mingi iliyopita. Wangefuata vipimo halisi, mtazamaji asingehisi chochote. Naona walichagua vyema, kwa sababu kanuni yenyewe haikuvunjwa.

Hakuna mifano ya Afrika?

Ipo, na ya kwanza ya kutazama ni ya Mkenya. Pumzi ya Wanuri Kahiu, 2009, ina urefu wa dakika 20 hivi. Maandishi yanatuweka Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, ambavyo vilikuwa vita vya maji. Tunaingia makumbusho ya vitu vilivyotoweka. Asha, anayefanya kazi humo, anaota mti, na mashine inamwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto. (Ndiyo, ni ndoto mwanzoni. Lakini hapa ndoto yenyewe imekatazwa, kwa hiyo inatufundisha dunia.) Kisha kinaletwa kiboksi cha udongo kisicho na jina la aliyekituma. Udongo hauna sumu ya mionzi. Swali ni moja na ni safi: umetoka wapi, ikiwa nje kote kumekufa?

Nyingine ni District 9 ya Neill Blomkamp, mwaka huo huo wa 2009. Chombo kimesimama juu ya Johannesburg tangu 1982, na tunasimuliwa kwa mtindo wa taarifa ya habari. Wataalamu wanahojiwa kuhusu karani mmoja kwa namna ya watu wanaomzungumzia aliyefanya jambo baya. Alifanya nini? Hawasemi. Karani mwenyewe tunamwona mezani, anatabasamu kwenye kamera, hajui bado.

Hapa kwetu tufungue filamu na nini? Hatuna pesa za kompyuta.

Swali hili ndilo lililonifanya nikubali kuandika ukurasa huu.

Anza na Ngomeni, kaskazini ya mji wetu. Majukwaa ya chuma ya San Marco yamesimama baharini. Kuanzia 1967 hadi 1988 Waitaliano, chini ya mradi wa Luigi Broglio, walirusha roketi za Scout kutoka pale, kwa sababu mahali penyewe pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia, kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, huisaidia roketi inayoelekea mashariki, na mbele yake ni bahari tupu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, iliruka setelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksi kutoka angani, ikapewa jina Uhuru. Hayo yalitokea mbele ya wavuvi wetu. Watu wa Hollywood hujenga seti kwa mamilioni ili wapate picha ya chuma kilichozeeka katikati ya maji. Sisi tunaiona tukitega nyavu.

Mwanzo unaowezekana: mvuvi anavuta nyavu alfajiri, majukwaa nyuma yake. Redio yake ndogo inakamata sauti ya mtu anayehesabu kurudi nyuma kwa Kiitaliano. Anageuka. Jukwaani hakuna mtu. Sauti inaendelea kuhesabu. Umetumia mashua moja, redio moja na sauti uliyorekodi nyumbani.

Au Gede, mji wa mawe ndani ya msitu, ulioachwa na watu wake mapema karne ya 17, na wanahistoria hawajakubaliana kwa nini. Ila pale nawaonya: magofu yanavutia kiasi kwamba kila mtu anapiga magofu tu. Gofu halina swali hadi kitu kisichostahili kiwe ndani yake. Weka jiko lenye makaa yanayowaka kwenye nyumba iliyoachwa miaka 400.

Lakini lile ninalotamani mtu alipige ni hili. Bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hapa hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, hata ukaweza kutembea mbali kuelekea mwambani. Piga hapo. Mashua zimelala ubavu juu ya mchanga. Nanga kavu. Watoto wanacheza mpira mbali kabisa, mahali ambapo kila mtu wa pwani anajua panastahili kuwa bahari. Muuza samaki amekaa na sinia tupu. Mzee anatazama saa, anatazama kalenda ya mwezi ukutani, anatazama upeo. Kijana anamuuliza, "Babu, yanarudi saa ngapi?" Mzee anajibu, "Yalitakiwa kurudi juzi."

Hapo hakuna kompyuta, hakuna roketi, na mtazamaji yeyote kuanzia Kiunga hadi Vanga ameshikwa, kwa sababu mwili wake unajua kuwa maji hurudi baada ya saa sita. Umempa kila kitu kwa usahihi ila sababu. Una muda wa kutosha kupiga yote asubuhi moja, mradi usisubiri: maji yako wewe yatarudi kweli.

Lamu je?

Lamu ina jambo moja la pekee: mji wa kale hauna magari. Sauti unayoipata usiku ni ya punda, miguu na bahari. Kwa hiyo sauti yoyote ya injini katika vichochoro vile tayari ni tukio. Msijaze muziki. Rekodini kimya cha mji kwanza, dakika nzima, kabla ya kufikiria kupiga picha.

Tunahitaji vibali?

Ndiyo. Leseni ya kupiga filamu hutolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya. Ukitaka Gede au ngome ya Lamu, zungumza na Makumbusho ya Taifa pia. Droni ina kibali chake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na kabla ya kuelekeza kamera kwa wavuvi au akina mama wa sokoni, waombe ruhusa, uwaeleze hadithi ni ya nini.

Mwanzo uwe wa urefu gani?

Kwa filamu fupi ya dakika kumi, swali liwe limetua kabla dakika ya pili haijaisha. Kwa filamu ndefu una nafasi zaidi, lakini kila dakika unayoongeza lazima ilipe kwa kitu kipya cha kutazama au kusikia.

Nikishapiga mwanzo tu, bila filamu nzima, naweza kuuleta?

Uleteni. Tunapendelea hivyo. Uwe kwenye simu au diski, usizidi dakika tano, na usituandikie maelezo ya hadithi. Tutauonyesha kabla ya filamu ya jioni, tutasimamisha, na tutawauliza waliokuwepo wanataka kujua nini. Kaa nyuma na daftari, uandike watakavyosema, hata kama hayalingani na uliyokusudia.